Begi langu la kuwindia lilipotea njiani, na kisu cha babangu kilikuwa ndani

Ule mkanda wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Johannesburg ulizunguka mpaka ukabaki na boksi moja tu, boksi la kaki limefungwa kamba ya katani, linapita mbele yangu, linaingia kwa zile pazia za mpira, linatokea upande wa pili, na mimi nimesimama na kitoroli kitupu nalihesabu. Mara ya nane mkanda ukazima. Watu wa ndege yetu wote walikuwa washaenda zao, hata yule mama wa watoto watatu na mabegi sita alishapata yake yote, na hapo ndo moyo ukanishuka, kwa sababu ndani ya lile begi langu la kijani mlikuwa na kila kitu nilichokusanya miezi tisa kwa ajili ya safari ile, buti, jaketi, darubini, visu vitatu, na kimoja kati ya vile visu kilikuwa cha marehemu babangu.

Hiyo ilikuwa Julai 2023. Naandika kwa sababu nimeulizwa sana na watu wa hapa Mombasa wanaosafiri na vifaa vyao, sio wawindaji peke yao, kuna vijana wa boti za kuvulia nduaro, kuna fundi mwenzangu aliyebeba vyombo vyake kwenda kazini Doha, na wote nawaambia kitu kile kile. Ule ushauri wa kila siku, ati kitu cha maana kibebe mkononi, kwa mtu wa kuwinda hautoshi, maana vitu vyake vya maana ndo vile vile haviruhusiwi kuingia ndani ya ndege. Kisu hapana. Risasi hapana. Bunduki ndo usiseme. Utake usitake, vitu unavyovipenda zaidi vitashuka chini kwa mizigo, vikapite mikononi mwa watu ambao huwaoni, na hilo inabidi ulifikirie ukiwa bado nyumbani, sio ukiwa umesimama mbele ya mkanda uliozima.

Mimi ni fundi wa injini za boti, nakaa Kisauni na karakana iko Mtwapa karibu na kriki. Kuwinda kwetu Kenya kulipigwa marufuku mwaka 1977 na mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini nimekulia kwenye hadithi zake, babangu alifanya kazi na wawindaji pande za Voi na Galana, alikuwa mchunaji, yaani yule anayetoa ngozi ya mnyama nzima bila kuitoboa, kazi ya mkono mwepesi ile. Kisu chake alifuliwa na mhunzi wa Mariakani kwa springi ya lori, mpini wa mpingo, na pale kidole gumba kinapokaa mbao ilikuwa imelika ikafanya kishimo. Ukikishika, kidole chako chenyewe kinaenda pale. Alipofariki mamangu akanipa mimi. Basi ami yangu, mdogo wake baba, yeye ni mtu wa shabaha, ana leseni ya bunduki miaka na miaka, akaniambia mwanangu twende Limpopo tukawinde swala pala na ngiri, kule kumeruhusiwa kisheria, na Mkenya tangu Januari 2023 haombi viza ya kutembea Afrika Kusini, siku 90 kwa mwaka, wataka pasipoti na cheti cha homa ya manjano. Nikasema kile kisu lazima kiende. Nilitaka kifanye kazi yake tena, wallahi hiyo tu.

Sasa tazama tofauti yangu na ami siku ya kuondoka. Ami alikuwa pale uwanja wa ndege wa Moi masaa manne mazima kabla ya ndege. Bunduki yake imo kwenye kasha gumu la makufuli mawili, bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani, imetolewa, risasi ziko boksi la peke yake lenye kufuli lake, zimepimwa hazifiki kilo 5 ambazo ndo mwisho kwa abiria mmoja. Ana kibali cha kuitoa nchini, ana barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji, na ile nchi tuliyokuwa tunabadilishia ndege alikuwa ameshaiandikia mapema, kwa sababu kuna nchi zinataka ruhusa hata kama bunduki inapita tu haitoki nje ya uwanja, na watu wengi hapo ndo hukwama. Polisi akaja akalinganisha namba ya bunduki na karatasi, akasaini, wa shirika la ndege akasaini, ami akasaini. Kila mkono ulioshika lile kasha uliacha alama. Na nguo zake za wiki nzima ziko kwenye begi dogo la mgongoni, na buti za kuwindia amezivaa miguuni, mimi nikamshangaa mtu mzima anasafiri na buti nzito vile na joto la Mombasa.

Mimi kaunta nilikaa dakika 5. Binti akapima begi, kilo 22, akalizungushia ile stika ndefu kwenye mkono, akanigandishia kile kipande kidogo nyuma ya pasipoti, nikamwambia asante dadangu nikaenda kunywa chai. Sikusoma ile stika. Sikupiga picha begi, si kwa nje wala kwa ndani. Na ubavuni mlikuwa bado na stika ya zamani ya safari ya Dubai, sikuibandua, kumbe zile mashine za kupanga mizigo zinasoma mistari na stika kuukuu inaweza kuzichanganya. Hizi ni dakika 3 za kazi, soma zile herufi tatu za mwisho wa safari ujue ni za kule unakokwenda kweli, kama ni Johannesburg ziwe JNB, bandua za zamani, piga picha.

Ndege yetu ya kwanza ikachelewa kuondoka. Muda wa kubadilisha ulikuwa mdogo tangu mwanzo, nilichagua ile tiketi kwa sababu ilikuwa rahisi, na tulipotua tukabakiwa na nusu saa kasoro, tukakimbia ndani ya ule uwanja kama watu wanaofukuzwa, mlango unataka kufungwa ndo twaingia. Tulipokaa nikamwambia ami alhamdulillah tumewahi. Akasema, "Sisi tumekimbia. Mizigo yaomba nani aikimbize?" Na ni kweli, mizigo mingi inayochelewa duniani hupotelea pale pale kwenye kubadilisha ndege. Siku hizi sikati tiketi ya kubadilisha chini ya masaa matatu kama nina vifaa, hata kama naongeza pesa.

Kasha la bunduki lilifika. Halikuja kwenye mkanda kabisa, lilipelekwa moja kwa moja ofisi ya polisi ya silaha pale pale uwanjani na ami akaenda kujaza fomu yao inaitwa SAP 520, wino mweusi, na sahihi unaweka mbele ya polisi sio nyumbani kwako, wakafungua kasha wakasoma namba, wakahesabu risasi, wakagonga muhuri. Mimi nikaenda kaunta ya mizigo iliyopotea.

Hapo nashukuru ami alinizuia, maana mimi nilikuwa nataka tutoke tupige simu kesho. Akaniambia hapa hutoki mpaka upewe karatasi. Ile karatasi ndo ripoti ya mzigo uliokosekana, watu wa viwanja huiita PIR, na ina namba ya herufi 5 na tarakimu 5, hiyo namba ndo itakuwa jina la begi lako kuanzia siku ile, utaitumia kwenye simu, kwenye imeili, kwenye mtandao wa kufuatilia. Ukishatoka nje ya ule ukumbi bila hiyo karatasi, kuthibitisha kwamba begi halikufika inakuwa shida ya kwako. Dada wa pale alikuwa mpole sana, akanitolea kadi kubwa ina picha za mabegi ya kila aina, ya magurudumu, ya kamba, magumu, laini, na rangi zimepangwa kama duka la rangi, akaniambia nionyeshe lako. Nikaonyesha. Akauliza lina alama gani. Nikasema nimelifunga kipande cha kikoi chekundu kwenye mkono. Akaandika, akafurahi hata, akasema hiyo ni nzuri. Kisha akauliza ndani mna nini cha kutambulika, na mimi nikaanza kutaja nguo, nguo, viatu. Ami akanigonga bega. "Taja visu. Taja darubini na jina lake. Mashati kila begi linayo." Maana stika ikichanika wanafungua begi na kulinganisha yaliyomo na kile ulichotaja wewe, na hapo begi lenye mashati matano ni sawa na mabegi elfu, lakini begi lenye kisu cha mpini wa mpingo ni moja.

Kosa langu kubwa la siku ile lilikuwa kwenye anwani. Aliponiuliza nitakaa wapi nikampa jina la hoteli ya usiku ule, karibu na uwanja, kwa sababu ndo jina nililokuwa nalikumbuka, na namba ya simu nikampa laini yangu ya nyumbani. Asubuhi nikanunua laini ya huko nikaitoa ile ya Kenya. Yaani kuanzia hapo mtu akinitafuta hanipati, na begi likija linakwenda mahali nilipoondoka. Andika tarehe na mahali, usiku huu niko hapa, kuanzia kesho mpaka tarehe fulani niko shamba fulani, na namba ya mwenyeji, na anwani ya Mombasa pia kwa sababu begi likichelewa kukuzidi wewe itabidi lirudi nyumbani.

Usiku ule nililala na shati nililosafiria. Na kilichonitia hofu kuliko begi lenyewe, dawa zangu za presha zilikuwa ndani yake. Hilo sina maelezo yake, mke wangu alinipangia vizuri kwenye kimfuko, mimi nikakiweka kwenye begi kubwa kwa sababu palikuwa na nafasi. Asubuhi nikamtumia ujumbe, akapiga picha cheti cha daktari akanitumia, na tulipofika Polokwane, karibu kilomita 300 kaskazini mwa Johannesburg, tukaingia duka la dawa nikaonyesha ile picha, mfamasia akaisoma, akaniuliza maswali, akanipima presha pale pale, akanipa za wiki. Nyinyi wenye presha na sukari, dawa ziwe mwilini mwako, na picha ya cheti iwe kwenye simu yako na ya mtu wa nyumbani. Hapo hapo Polokwane nikanunua sweta, soksi pea nne, nguo za ndani, mswaki, suruali moja, zote kama randi 2,000 na kitu, na ami akanisimamia risiti moja moja niziweke kwenye bahasha. Nilimwona kama ananikera. Baadaye bahasha ile ndo ilinilipa.

Buti sikununua. Buti mpya kuzivaa siku ya kwanza porini ni kujiumiza, zangu nilizizoesha mguu miezi minne, natembea nazo Shimba Hills wikendi mpaka ngozi ikajua mguu. Tulipofika shambani mwenyeji wetu aliposikia akaingia ndani akatoka na buti za mwanawe aliyeko chuo. Namba 44, mimi navaa 41. Nikavaa soksi pea tatu, nikazikaza kamba mpaka mwisho, na asubuhi ya kwanza tukatoka kukiwa baridi ya nyuzi 5 hivi, baridi ambayo mtu wa pwani hana hata neno lake, pumzi inatoka kama moshi. Kufikia saa nne kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka. Pori lile la Limpopo lina miiba ya kila namna, mingine imenyooka, mingine imepinda kama ndoano, na ukivaa buti kubwa unapiga kelele kwenye majani makavu, swala anakusikia kabla hujamwona. Darubini sina. Ami akanipa yake kila tukisimama, lakini mtu anayegawana darubini anaona nusu ya pori. Darubini kusema kweli ningeibeba mkononi, haikatazwi, na hilo bado linaniuma.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kivenda, mfuatiliaji nyayo wa pale shambani, wote wakimwita Madala kwa heshima. Miaka yake sijui, lakini anainama anagusa unyayo na mgongo wa kidole kisha anakwambia huyu amepita kabla ya jua. Siku ya pili jioni ami alipata nafasi ya swala pala dume, akasema bismillahi Allahu akbar, akafyatua. Mnyama akaenda mbio hatua chache akaanguka, na sisi Waislamu ukimkuta bado yu hai lazima umchinje, hapana kungoja, sekunde zile zina hesabu yake. Mimi ndo niliyekuwa karibu. Nikakimbia, nikafika, mkono ukaenda kiunoni wenyewe, pale ambapo kisu cha baba kingekuwa. Hamna kitu. Nilisimama pale na ule mnyama ananitazama na sikuwa na chochote mkononi.

Madala akafika, hakusema neno, akachomoa kisu chake akanigeuzia mpini. Kisu chembamba, kimenolewa miaka mingi mpaka upana wake umebaki kama kidole, mpini umezungushiwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli. Nikachinja. Kilikata kama wembe. Baadaye nikakisafisha kwa majani nikamrudishia kwa mikono miwili, akakiangalia, akakifuta tena mwenyewe, akaniambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba nikae nacho mpaka begi langu lifike. Nilikaa nacho siku tatu. Mtu anayeishi kwa kile kisu alinipa mimi mgeni. Nilimsimulia kile cha baba, springi ya lori na kishimo cha kidole gumba, akaelewa, akanionyesha na chake kina kishimo.

Begi lenyewe lilifika Johannesburg siku ya tatu. Mimi sikujua. Nilikuwa naangalia ile namba yangu kwenye mtandao na shambani intaneti inakuja na kwenda, ilikuwa imeandikwa bado linatafutwa, kisha siku moja ikaandikwa limepatikana, na nilipopiga simu nikaambiwa limeshapelekwa kwa anwani uliyotoa. Yaani kwa ile hoteli. Wamenipigia mara mbili, simu imezimwa. Kutoka shambani mpaka Johannesburg ni zaidi ya masaa manne kwa gari, hakuna wa kulifuata, basi likakaa nyuma ya kaunta ya hoteli mpaka tuliporudi siku ya kuondoka.

Nililikuta limesimama pembeni na kikoi changu kipo. Nilifurahi vibaya. Kijana wa mapokezi akanipa daftari nisaini nimepokea, na ami akasema fungua kwanza. Nikaona zipu ya mfuko wa pembeni imeachana, imerudishwa kwa juu juu. Ndani nguo zimesokotwa, kimfuko cha dawa kipo, buti zipo. Darubini hakuna. Visu, vile viwili vya dukani na kile cha baba, hakuna. Nilichukua begi zima nikalimwaga pale sakafuni mbele ya watu, nikapapasa kila mfuko, nikavua mpaka ubao wa chini, nikaingiza mkono ndani ya kila buti. Ami hakunisemesha. Alichuchumaa akaanza kukunja nguo moja moja kuzirudisha.

Kwa hivyo usisaini kabla hujafungua. Na kama kuna kitu kimetolewa au kimevunjika, siku unazihesabu kuanzia pale begi linapofika mikononi mwako: una siku 7 za kuliandikia shirika la ndege, kwa maandishi, sio kwa simu wala kwa mdomo. Kama ni kuchelewa peke yake na gharama zake, ni siku 21 tangu upokee. Kama halijaonekana kabisa mpaka siku 21 zipite, hapo unaweza kulidai kama lililopotea. Na kwenda mahakamani una miaka miwili. Hizi zote ni za Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege, Kenya imo na Afrika Kusini imo. Mimi tulipita tena kaunta ya uwanjani jioni ile ile kabla ya kupanda, wakaongeza kwenye ripoti kwamba begi limefika limefunguliwa na vitu vimekosekana, na siku ya tatu nikiwa Mombasa nikatuma imeili na picha ya zipu.

Kiwango cha juu cha kulipwa wakati ule kilikuwa SDR 1,288 kwa abiria, hiyo SDR ni kipimo cha pesa cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kama dola 1,700 hivi kwa wakati ule, na tangu 28 Desemba 2024 kimepanda kuwa 1,519, kama dola 2,000. Watu husikia hiyo wakadhani ni pesa unapewa. Sio hivyo, huo ni ukomo, na ni kwa kila abiria sio kwa kila begi, na unalipwa kile unachoweza kuthibitisha. Ukiwa na kitu cha thamani zaidi ya hapo unaweza kutangaza thamani yake kaunta kabla ya kukabidhi na ulipie nyongeza, mtu mwenye bunduki ya bei au darubini ya bei aulize hilo mapema. Walinilipa zile randi za Polokwane zote, bahasha ya ami. Darubini wakalipa kwa sababu nilikuwa na risiti ya duka kwenye imeili. Visu viwili vya dukani wakalipa nusu. Cha baba waliniandikia wakiomba risiti au picha au thamani ya mthamini. Picha sikuwa nayo hata moja. Miaka yote kile kisu kilikuwa kimening'inia ukutani kwetu na hakuna mtu aliyewahi kukipiga picha, nilitafuta mpaka albamu za harusi nikitumai kimeonekana nyuma ya mtu. Wakaandika kwamba haiwezekani. Pesa ilichukua miezi minne kufika.

Kwa mamangu nilikwenda siku ya pili ya kurudi. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula, akaniambia babako mwenyewe alishapoteza viwili kabla ya hicho, kimoja Mto Galana kilimponyoka mkononi akikiosha. Sikuwahi kuijua hiyo.

Sasa napakia hivi. Kwanza, kitu ambacho hakina badala kinabaki nyumbani, sijali kinaniita kiasi gani. Buti nazivaa kama ami. Darubini, dawa, tochi na betri zake, na ile betri kubwa ya kuchajia simu, hizo mkononi, na betri za akiba na za kuchajia hata ukitaka kuziweka chini haziruhusiwi. Vya kukata vinashuka chini lakini tunagawana, kisu changu kimoja kinakaa begi la ami na kimoja chake begi langu, kimefungwa vizuri kisimkate anayekagua, ili begi moja likipotea tusibaki wote mikono mitupu. Risasi hilo haligawanywi, zinakaa kwa mwenye karatasi. Nguo za siku mbili mkononi. Picha ya kila kitu kimetandazwa kitandani kabla ya kupakia, na namba za vifaa, na risiti zote kwenye imeili. Ndani ya begi juu kabisa karatasi yenye jina, namba mbili za simu na safari nzima kwa tarehe. AirTag moja, kile kidude kidogo cha kukuonyesha kwa simu begi liko wapi, katikati ya nguo, sio mfuko wa pembeni. Na siku moja ya ziada mbele ya siku ya kuwinda, hii wengi wanaibana kwa sababu ya gharama, lakini begi likikosa ndege mara nyingi huja na ya kesho yake, na ile siku moja ndo inakupa wewe nafasi ya kulingoja.

Bima ya safari nayo isome kabla hujalipa. Yangu ilikuwa na kiwango cha juu kwa kila kitu kimoja, na vifaa vya michezo viliwekwa pembeni, nikajua hilo baada ya shida.

Tunaondoka tena Julai inshallah, mimi na ami, shamba lile lile. Nilikwenda Mariakani kutafuta, yule mhunzi alishafariki lakini mjukuu wake bado anafua, nikampelekea springi ya lori kutoka karakana jirani nikamwambia anitengenezee visu viwili. Kimoja changu. Kingine mpini wake nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nimekipiga picha sita, kinakaa begi la ami, na nimemtumia mwenyeji ujumbe amwambie Madala naja.